Asubuhi Vidonozi Waliponyamaza

Samaki mmoja akioza, wote wameoza; ndivyo tuambiwavyo. Katika kituo cha kusafisha maji cha mji ule methali hiyo ilipinduka kichwa chini miguu juu: hakuoza hata samaki mmoja, na hapo ndipo mpima maji alipoingiwa na baridi.

Walikuwa vidonozi arobaini, urefu wa kidole, samaki wasiopatikana katika mto mwingine wowote. Aliwafuga kwenye tangi la kioo lililopitiwa na maji ya mto kabla hayajatiwa dawa. Kutwa walidonoa kioo, tik tik tik, na kwa jinsi alivyowaenzi, wenzake wakambandika jina Mama Samaki. Asubuhi hiyo maabara ilikuwa kimya kama kaburi. Vidonozi wote walikuwa wameupa mgongo mdomo wa bomba, wamejibana kwenye kona ya mbali, macho yamewatoka. Hakuna aliyetikisa pezi.

Akafunga koki kuu. Mji mzima ukakauka.

"Mama Samaki, umerukwa na akili?" Meneja aliingia akifoka. "Mashine zote zinasema maji ni safi!"

"Mashine hujibu zilichoulizwa, bosi. Hawa sikuwauliza kitu."

"Vijisamaki visivyotosha hata kitoweo cha paka! Fungulia maji, kisha uniandikie barua ya kuomba radhi. La sivyo, ikifika adhuhuri huna kazi."

Simu ya Mama Samaki ikatetema. Alikuwa binti yake. "Mama, bomba limekauka, na mjukuu wako analilia maji."

"Mwache alie, mwanangu. Anayelia yu hai."

Akaufumbata ufunguo wa koki, akaketi.

Adhuhuri haijafika, simu ya mezani ikalia. Meneja akainua. Alikuwa mlinzi wa kule maji yanakochotwa, sauti yake ya chini.

"Bosi, vyura wametoka mtoni. Wote. Wamekaa barabarani, hawalii. Na ng'ombe walioshuka kunywa wanaanguka. Wawili tayari. Puu. Puu."

Kupitia simu, meneja akausikia mshindo wa tatu.

Alikaa kitako, uso umemsawijika. Kisha akasukuma karatasi mezani. "Hata hivyo, ulifunga bila idhini yangu. Andika mstari mmoja tu wa samahani, yaishe."

Mama Samaki aliwatazama vidonozi. Walikuwa wamegeuka, wote arobaini, wanamkodolea meneja macho.

"Siombi radhi," alisema. "Si leo, si kesho. Kimya kingi kina mshindo mkuu."