Mtaa wa Maboksi Uliokataa Kuwaka

Sogeeni karibu, na wakubwa wawapishe wadogo mbele. Leo sina hadithi ya kuwachekesha. Nina ugomvi, na nataka mniamulie.

Walikuwepo ndugu watatu wa tumbo moja, huko Nzega. Kalunde alikuwa na mikono: mpe boksi la sabuni, atakurudishia nyumba yenye baraza na madirisha. Shija alikuwa na umeme: redio iliyokufa, kwake iliimba. Nyamizi, mdogo wao, alikuwa na pua. Alijua maharage ya jirani yanaungua kabla jirani mwenyewe hajajua. Wenzake walimcheka. "Pua nayo ni kipaji?"

Chuo kimoja cha ufundi kikatangaza maonyesho: atakayeleta mfano bora wa mtaa, wenye taa zinazowaka, atasoma bure. Nafasi ni moja. Na kati ya hao watatu hakuna aliyekuwa na njia nyingine ya kusoma.

Kalunde akajenga mtaa wao mzima juu ya ubao, mpaka banda la kuku la jirani yao, Mama Holo. Ndani ya kila nyumba akabandika karatasi za kung'aa za pakiti za biskuti, ili balbu ndogo itoe mwanga mkubwa. Hakumwambia mtu. Alitaka kuwashangaza.

Shija akaleta balbu za dashibodi za pikipiki na betri kuukuu. Akapitisha waya chini ya ubao, akazipenyeza kwenye sakafu za nyumba. Alizimenya kwa meno, kama kawaida yake, na viungo vya waya akaviacha uchi. "Tepu ya nini? Boksi halipitishi umeme."

Wakawasha. Mtaa ukang'aa, na kwa kufumba na kufumbua ukazimika. Shija akagusa waya, ukamuunguza kidole.

"Umezigandamiza waya zangu kwa gundi yako!"

"Waya zako ndizo mbovu! Fundi wa meno wewe!"

Kalunde alimtukana huku amekishika kile kidole, anakipuliza, anakichovya kwenye maji ya mtungi. Alipokiachia akaendelea kumtukana.

Wakabadilisha balbu. Zikazimika tena, na betri ikawa ya moto. Shija akapiga kiti teke. Siku hiyo walikula sahani moja bila kusemeshana, ila kila mmoja alimsogezea mwenzake mboga.

Walipojaribu tena, Nyamizi akatoka jikoni mbio. "Zimeni! Nasikia harufu ya karatasi inaungua."

"Kageuze ugali wako!" Shija akafoka.

Nyamizi akasogea kwenye ubao. Akachomoa waya wa betri, akanusa nyumba moja baada ya nyingine. Alipofika kwenye nyumba ya bibi yao, akachukua kisu akapasua paa. Kalunde akapiga yowe. Ndani, karatasi ya kung'aa ilikuwa imelalia viungo vilivyo uchi, imeungua pembeni. Kumbe karatasi hiyo ina alumini, nayo ndiyo ilikuwa inapitisha umeme kutoka kiungo kimoja hadi kingine! Nyamizi akapasua mirija ya soda, akavivisha viungo vyote na kuvifunga uzi. Taa zikawaka, zikadumu. Kalunde akalibandika upya lile paa, asimtazame mdogo wake.

Wakaupeleka kwenye maonyesho, wakashinda. Mwalimu wa chuo akashika kalamu. "Jina?"

"Kalunde! Bila nyumba mngemulika ubao mtupu."

"Shija! Bila taa ni maboksi ya sabuni hayo."

"Nyamizi! Bila mimi mngeleta majivu."

"Wewe uliyepasua paa la bibi?" Kalunde akamkatiza.

"Na karatasi zako je?" Nyamizi akamrudishia.

"Na meno ya huyu?" Kalunde akamnyooshea Shija kidole.

Watu wakajaa. Mwalimu akagonga meza. "Nimesema jina moja! Mkishindwa kupatana, nafasi nampa mshindi wa pili."

Mshindi wa pili alikuwa keshasogea mezani. Ndugu watatu wakatazamana, macho mekundu, na hakuna aliyerudi nyuma.

Aliyejenga ndiye aliyebandika karatasi. Aliyewasha ndiye aliyeacha waya uchi. Aliyeokoa ndiye aliyepasua bila kuomba. Kalamu iko mkononi mwako sasa: je, ungeandika jina la nani? Na wale wawili watakaorudi nyumbani mikono mitupu, ungewaambia nini?