Moto Nyumbani kwa Bi Nungunungu

Paukwa!

Pakawa!

Ninyi wa nyuma sikuwasikia. Mnatafuna nini huko? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakijenga nyumba na kuombana chumvi, palikuwa na Bi Nungunungu. Alikuwa na nyumba kule mlimani, nyumba aliyoachiwa na mama yake. Kuta za udongo, paa la nyasi, fito nyeusi tititi kwa moshi wa miaka yote mama mtu aliyopika humo. Lakini mwenyewe hakukaa humo. Alikuwa bondeni kwa binti yake, analea wajukuu. Kila siku akisema, "Kesho napanda mlimani kuitazama nyumba yangu." Kesho ikifika, mjukuu anaumwa tumbo. Kesho nyingine, mjukuu anaota miiba. Nyumba ikakaa tupu.

Na moyo wake haukutulia. Akila, anawaza nyumba. Akilala, anawaza nyumba. Akijigeuza, miiba inalia, chaka chaka chaka, hata wajukuu wakasema, "Bibi, tulia basi, tunataka kulala."

Alikuwa na haki ya kuwaza, maana kule mlimani palikuwa na sheria. Paa likiwa juu, kiwanja ni cha mwenye paa, hata awe mbali vipi. Paa likianguka, na mwezi mpya ukaandama halijasimama, basi kiwanja ni cha atakayekilima kwanza. Palikuwa na desturi pia. Nyumba ya mtu ikiungua, kila jirani humletea tita la nyasi za kuezekea. Asiyeleta, hutazamwa kwa jicho baya.

Mmeshika? Haya, twende.

Jioni moja Kanga, jirani yake wa mlimani, akaja mbio. Ta ta ta ta ta! Mabawa yamejaa masizi.

"Shoga," akasema, "kaa kitako kwanza."

"Sikai. Sema."

"Nyumba yako imeungua."

"Imeungua upande gani?"

"Shoga, hakuna upande uliobaki."

Bi Nungunungu akashika njia palepale. Akatembea, chaka chaka chaka. Akavuka mto, chaka chaka chaka. Akapanda mlima, chaka chaka chaka. Jua linachomoza, yuko kiwanjani kwake. Akakuta kuta nyeusi na jivu. Pale mama yake alipozoea kukaa akichambua mboga, moshi ulikuwa bado unafuka. Ndipo akalia, akalia sana, na Kanga akamshika bega.

Majirani wakaanza kuja na matita yao. Wa kwanza kabisa alikuwa Ngiri, ambaye shamba lake lilikuwa limesogea na kusogea mpaka likagusa kiwanja cha Bi Nungunungu. Tita lake lilikuwa kubwa kuliko yote, limefungwa kwa kamba nzuri ya ukindu.

"Pole sana, dada," akasema Ngiri. "Pole sana. Hiyo ni radi."

"Nani alisikia ngurumo?" akauliza Kanga.

"Radi nyingine hazingurumi," akasema Ngiri. Kisha akamsogelea Bi Nungunungu, akapunguza sauti. "Dada, nakuonea huruma. Umri huu utaanza kujenga? Na wajukuu wale nani atawalea? Sikiliza, rudi zako bondeni. Kiwanja hiki mimi nitakuangalizia."

Maneno yalikuwa matamu, na Bi Nungunungu alikuwa amechoka. Nusura aseme ndiyo. Lakini mwili ulikataa kutulia. Wenzake wameketi, yeye anazunguka. Analizunguka jivu, anazizunguka kuta, anayazunguka matita. Akigusa hili, akigusa lile, bila kujua anatafuta nini.

Akagusa tita la Kanga. Bichi, lina umande. Akagusa la Swala. Bichi, lina umande. Akagusa la Pundamilia. Bichi, lina umande. Ilikuwa ndiyo kwanza masika yameisha, na mlima mzima ulikuwa kijani.

Akagusa tita la Ngiri. Kachakacha! Lilikuwa limekauka na kupauka.

Akasimama. Miiba ikanyamaza.

"Ndugu Ngiri," akasema polepole, "nyasi hizi umezikata lini?"

"Leo alfajiri, dada. Niliwahi kuliko wote."

"Na zimekauka saa ngapi?"

Ngiri akacheka kidogo. "Aa, nimesahau. Hizi nilikuwa nimejiwekea akiba, za paa langu."

Wote wakamtazama.

"Paa lako lipi, Ngiri?" akauliza Kanga. "Si unalala shimoni wewe?"

Ngiri akatafuta jibu kushoto, hakuliona. Akatafuta kulia, hakuliona. Akarudi hatua moja nyuma, akarudi nyingine, kisha puruuu, mkia juu, mpaka shimoni kwake. Akaingia kinyumenyume ili aone nani anamfuata. Na mpaka leo huingia hivyo hivyo.

Majirani wakataka kwenda kumfukua. Bi Nungunungu akawazuia.

"Mwacheni kwanza. Mwezi hautatungoja. Ezekeni."

"Na hili kavu tulitupe?" akauliza Swala.

"Lisitupwe. Paa ameliangusha yeye, basi achangie."

Wakakata fito, wakaezeka. Jua halijazama, paa liko juu, na kiwanja kikabaki cha mwenyewe. Akawatumia wajukuu salamu: mkinitaka, pandeni huku.

Lakini ile nyumba ilinuka nyasi mbichi. Haikunuka moshi wa mama. Bi Nungunungu akajilaza, akainuka. Akajilaza, akainuka. Usingizi haukumrudia sawasawa tena. Ndiyo maana mpaka leo giza likiingia Nungunungu hutoka, akazunguka, chaka chaka chaka, ananusa kama kuna kinachoungua.

Basi, wakubwa kwa wadogo, neno langu ni hili. Nyumba ukiiacha peke yake, jua kuna mtu anaipangia mambo. Na anayekuletea msaada alioutayarisha kabla hujapatwa, mpokee, mshukuru, halafu muulize alijuaje.

Hadithi yangu imefika hapo, haina miguu ya kuendelea. Aliyeacha moto jikoni akautazame.