Kwa Nini Yungiyungi Hushika Zamu

Zamani, milima ya Upare ilipokuwa bado inatafuta mkao mzuri na mifereji haijazoea njia zake, yungiyungi la manjano halikuchanua kama mnavyoliona asubuhi hii. Lilichanua kwa mkupuo. Mwaka mzima lilikuwa majani tu, marefu na membamba, kisha siku moja matumba yote yakafumbuka pamoja, bustani ikawaka, na jua lilipozama shughuli ilikuwa imekwisha. Aliyekuwa safarini alisimuliwa. Wenye vitabu wanasema ua hili lilitoka nchi za mbali. Huenda ni kweli, wala hatutabishana nao. Walipofika kuuliza, lilikuwa tayari lina mashangazi na wajomba huku kwetu.

Mwaka mmoja mfumwa, ndivyo walivyomwita mtawala wa huko, alioa mke aliyependa maua. Jambo jema. Lakini jambo jema likiingia barazani hutoka limeota pembe. Ikatolewa amri kwamba kila nyumba iliyo kando ya mfereji iwe na ua lililochanua, na isiyokuwa nalo ipoteze zamu yake ya maji. Akateuliwa Mkaguzi wa Maua, mzee Sengondo, akapewa wasaidizi wawili: mmoja wa kumbebea kigoda, mwingine wa kutangulia kueleza kwa nini mkubwa amechelewa.

Amri hiyo ilimkuta Namkunda palipo na kidonda. Alikuwa mjane, na alichoachiwa ni migomba, magimbi, kipande cha maharage, na zamu ya maji iliyotoka kwa mama mkwe wake. Bila zamu ile kiangazi kingeila bustani yake huku anaitazama. Kwa hiyo wenzake walipokimbilia maua yenye sifa, yeye hakukimbia. Alizunguka kwanza akiangalia ua gani mbuzi hulipita, ua gani huvumilia kivuli cha asubuhi na jua la mchana, ua gani haliugui mwenyewe akisahau kuliamkia. Akachagua yungiyungi. Akachimba shimo pana, akachanganya udongo na samadi iliyopoa, akaitandaza ile mizizi minene kama vidole vya mtoto, akafukia bila kulizamisha shina, kisha akatandaza majani makavu ya mgomba.

"Shoga, umechagua majani," alimcheka jirani yake, Nanzia.

"Nimechagua kisichonichosha. Ua linifae mimi, si mimi nilifae ua."

Msimu ulipofika ikatangazwa kwamba Mkaguzi atapita siku inayofuata gulio. Na kama kwa makusudi, asubuhi ya siku hiyo yungiyungi lilifumbuka lote. Watu waliacha majembe wakaja kutazama. Namkunda alifagia uwanja, akachemsha magimbi ya kumkirimu mgeni, akaketi. Adhuhuri akaja yule msaidizi wa kueleza.

"Mzee amekwama kwa wakwe zake," alisema akimenya gimbi. "Kuna sherehe. Kesho bila kukosa."

Kesho yake mzee Sengondo alifika kweli, akatandikiwa kigoda, akayakazia macho maua yaliyonywea kwenye vikonyo.

"Mama, mimi hapa naona matambara yaliyoloa."

"Jana yalikuwa yamechanua, mzee. Mtaa mzima umeona."

"Nimeona kwa macho yangu!" Nanzia alidakia. "Hata huyu msaidizi wako aliona, alipokuwa anamaliza magimbi."

"Sikatai," alisema Mkaguzi kwa upole wa mtu asiyepungukiwa maji. "Lakini ushahidi wa ua ni ua. Nitakuja tena msimu ujao. Nisipokuta kitu, zamu yako tutampa mwingine."

"Utakuja siku gani, mzee?"

"Siku za karibuni," alisema, akaondoka na kigoda chake.

Namkunda alikaa na neno hilo kama mtu aliyemeza mwiba. Angejuaje siku ya karibuni ya mtu wa baraza? Yungiyungi lina siku moja, na Mkaguzi ana kesho zisizokwisha. Alifikiria kung'oa apande kingine, jembe akalishika kabisa. Lakini alipokuwa amesimama hivyo alisikia kelele mferejini. Wanawake wawili walikuwa wamefungua milango ya maji kwa wakati mmoja, na kama kawaida kila mmoja alikuwa amepata tope. "Zamu!" Nanzia alikuwa anawapigia kelele. "Leo wewe, kesho yeye! Mnagombea nini na maji yapo?"

Namkunda alilitazama jembe, akalitazama yungiyungi. Badala ya kung'oa akachuchumaa, na kwa kuwa enzi hizo mimea ilikuwa bado haijakata tamaa ya kuzungumza nasi, akasema nalo.

"Wewe," alisema, "una tabia ya nyumba inayopika maharage yote siku ambayo mgeni alisema atakuja. Mgeni hakutokea, maharage yamechacha, na kesho mnalala njaa. Umeona wale mferejini? Shikeni zamu. Tumba moja lifumbuke leo, jioni lipumzike, kesho lifumbuke jingine. Akija siku yoyote atamkuta mwenyeji."

Matumba ya msimu ujao, yaliyokuwa bado yamelala ndani ya shina, yalinong'onezana. Yalibishana nani atangulie, maana hata kwenye maua wapo wanaotaka kukaa mbele. Mwishowe yakakubaliana kwamba lililokua kwanza litangulie na dogo lisubiri. Ndipo tumba dogo kuliko yote, la kule ubavuni mwa shina, likauliza kwa sauti ndogo.

"Na mimi nikichanua siku ambayo hakuja mtu?"

Namkunda aliliweka jembe chini. Alijua tumba lile linauliza nini. Tangu mumewe afariki alikuwa amepika siku nyingi ambazo hakuja mtu.

"Mimi nitakuja," alisema. "Kila siku. Kabla sijagusa ndoo."

Msimu uliporudi, ua la kwanza likafumbuka alfajiri, moja tu. Namkunda akaja, akasimama, akalitazama mpaka likaridhika. Jioni likajikunja. Kesho yake alilichuma kwa vidole lile lililomaliza kazi, akalikuta jingine limekwisha kufumbuka. Msaidizi wa Mkaguzi alikuja kusema kesho. Siku nyingine alikuja kusema mzee ana mafua. Namkunda alimpa magimbi, akacheka. Zile kesho hazikuwa na meno tena.

Watu walipokuwa wamesahau kama wana Mkaguzi, mzee Sengondo akatokea bila kutangazwa, nusu akitumaini kukuta matambara. Akakuta ua limewaka. Akalizunguka, akalinusa, hakupata kosa. Kosa likimkosa mtu wa baraza hulala vibaya, kwa hiyo asubuhi yake akarudi.

"Hili ndilo la jana?"

"La jana limemaliza zamu, mzee. Hili ni la leo."

"Na la kesho?"

"Lile pale. Bado limefumba."

Mkaguzi alikaa kwenye kigoda. "Kwa hiyo," alisema taratibu, kama mtu anayesomewa habari za nchi ya mbali, "lina kazi ya siku moja, na linaifanya siku hiyohiyo?"

"Siku hiyohiyo."

"Bila kuahirisha?"

"Ee, babu," Nanzia alimwambia kutoka upande wa pili wa mfereji, "ndiyo maana halijateuliwa."

Namkunda aliinama kuficha kicheko. Lakini mzee Sengondo naye alicheka, mara ya kwanza tangu apewe cheo, na zamu ya Namkunda ikabaki kwake. Alipoinuka kuondoka aliona haya kidogo. "Mama, nami ningepata mche? Nitamtuma mtu kesho."

Namkunda angeweza kumwambia arudi siku za karibuni. Nanzia alikuwa amekwisha kufungua mdomo kumsaidia kulisema. Lakini ua lilikuwa linatazama. Akachukua jembe papo hapo, akalichimbua shina, akaligawa katikati mizizi kwa mizizi, akayapunguza majani ili lisichoke njiani, akamkabidhi nusu.

"Usilifukie sana," alimwagiza. "Na asubuhi uende kulitazama. Mwenyewe, usitume mtu."

Na tangu siku hiyo yungiyungi la manjano hushika zamu: ua la leo huisha leo, na la kesho huwa tayari limesimama nyuma yake. Mizizi yake huko milimani haiuzwi; ukiitaka, shina linagawanywa unatazama, na hakuna anayekwambia uje kesho. Amri ya maua ilikufa pamoja na cheo cha Mkaguzi, na hakuna aliyeizika. Lakini ukipita kando ya mfereji alfajiri utawaona wanawake wamesimama bustanini mikono mitupu, ndoo ziko chini. Usiwaulize wanamngoja nani. Hawamngoji mtu. Ahadi ilitolewa kwa tumba dogo kuliko yote, na hawajui zamu yake ni lini.