Nyama Ni Yako, Ulimi Ni Wangu

"Nyama ni yako, ulimi ni wangu." Mmeisikia jana kwenye baraza, mkacheka, na sasa mnaniuliza imetoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Kabla barabara ya kwenda Moyale haijatiwa lami, watu walisafiri kwa malori. Walikaa juu ya magunia, wakala vumbi na nyama kavu, kwa kuwa chakula kingine kilichacha njiani. Kila kituo kilikuwa na nyama yake. Huku walikata vipande virefu vya nyama ya ng'ombe, wakavitia chumvi na kuvianika juani. Kule waliikausha kwa moshi. Kwingine waliikata ndogondogo wakaikaanga kwa samli hadi ikakauka, ndiyo nyirinyiri. Abiria walionja kila kituo, kisha wakabishana njia nzima, huyu akisifu moshi, yule samli.

Lori moja lilikuwa la Jattani, mtu mwenye mali na sauti kubwa. Katika kituo cha Badana alikuwa pia na duka la nyama kavu. Kando ya duka hilo mjane mmoja, Talaso, aliuza nyirinyiri katika kikapu. Kila lori liliposimama, abiria walipita mlango wa Jattani wakaenda kwa mjane. Jambo hilo lilimkera Jattani hadi akashindwa kulivumilia.

Basi siku moja alisimamisha lori, akaweka masinia mawili juu ya meza, la kwake na la Talaso.

"Leo abiria wataamua," alitangaza. "Kila mmoja aonje, aseme ipi tamu. Atakayeshindwa aondoke Badana, asirudi."

Ungedhani ni haki. Lakini abiria wote walijua wamepanda lori la nani, na mbele yao kulikuwa na jangwa.

Wa kwanza kuonja alikuwa mzee Guyo. Alitafuna nyama ya Jattani kwa shida, akameza, akasema, "Ya tajiri ni tamu." Wa pili akasema hivyo hivyo. Wa tatu hata ya mjane hakuigusa.

Kisha ikafika zamu ya Dhaki. Alikuwa mshona nguo, mama wa binti mmoja tu, na binti huyo alikuwa amejifungua siku chache zilizopita. Dhaki alikuwa akienda kumkanda na kumpikia uji, na kushuhudia mjukuu akipewa jina. Talaso hakumjua hata kwa sura.

Alionja ya Jattani. Akaonja ya mjane. Akapangusa vidole.

"Ya mama huyu ni tamu," alisema. "Hii yako imeota ukungu ndani, halafu ukaificha kwa pilipili."

Jattani akasukuma sinia lake mbele. "Onja tena."

Dhaki akachukua kipande kingine, akakitafuna polepole huku akimtazama.

"Bado ina ukungu," alisema.

Talaso akamshika mkono, akamnong'oneza, "Dada, sema tu ni tamu. Una safari. Mimi nitajua pa kwenda."

"Hapana, dada yangu. Nimeulizwa, nimejibu."

"Wewe mwanamke!" Jattani alifoka. "Umepanda lori langu, umekula nyama yangu bure, halafu unanitukana mbele ya watu?"

Dhaki hakupandisha sauti. "Nyama ni yako, Jattani, na lori ni lako. Ulimi ni wangu."

"Basi utembee kwa ulimi wako! Utingo, mshushie mzigo!"

Mzigo ukatupwa chini. Abiria wakainamisha vichwa. Lori lilipoanza kunguruma, mzee Guyo aliligonga ubavuni kwa bakora, akateremka kwa taabu, akasimama kando ya Dhaki.

"Nilisema uongo," alimwambia Jattani. "Yako haimezeki."

Lori likaondoka na wengine wote, shindano likabaki bila mshindi, na Talaso hakuhama Badana. Wawili hao walilala kwa Talaso, wakaja kupata nafasi katika msafara wa ngamia uliokwenda mwendo wa wazee.

Dhaki alipofika, mtoto alikuwa ameshapewa jina. Binti yake, Kabale, alilia kwa hasira. "Neno moja tu, Mama! Ungesema ni tamu, ungekuwa hapa!"

"Ningekuwa hapa," Dhaki alijibu, "na mwanamke mwenzangu angekuwa anahama." Akamchukua mjukuu wake.

Jattani hakufilisika, msinielewe vibaya. Alikufa tajiri. Lakini habari ilipanda malori yote. Msimu uliofuata alisimama tena Badana, mlangoni pa duka lake, na sinia mkononi, akawauliza abiria waliokuwa juu ya lori lake nyama yake ikoje. Mwanamke mmoja akaonja, akatema, akamjibu kwa maneno ya Dhaki.

"Nani mwingine anasema hivyo?" Jattani alinguruma. "Ashuke sasa hivi!"

Wakashuka wote. Vijana, wazee, akina mama na watoto mgongoni, wakaruka kutoka juu ya magunia mmoja baada ya mwingine, wakampita mlangoni wakielekea kwenye kikapu cha Talaso, na kila aliyempita alimwambia usoni: nyama ni yako, ulimi ni wangu.