Pikipiki ya Kangero kwenye Jua la Hedaru

Leo nikisema hadithi, msiniitikie kwa kelele. Hii ina msiba ndani yake, na mfiwa hapigiwi makofi. Kaeni, na wewe unayetafuna karanga, tafuna polepole.

Palikuwa na watu watatu pale Hedaru, chini ya milima ya Upare, ambako jua halina adabu. Wa kwanza ni Mbazi, fundi pikipiki. Huyu alijaliwa sikio: washa chombo chako mbele yake, anakuambia kinaumwa wapi kabla hujashuka. Wa pili ni Senzia, na yeye alijaliwa mikono, maana alipita na pikipiki katikati ya kundi la mbuzi bila kugusa mkia. Wa tatu ni Namsifu, mshona nguo. Namsifu alijaliwa ulimi, na si wa umbea jamani, ulimi wa kuomba. Akikuomba kitu unampa, halafu wewe ndiye unayeshukuru.

Wote watatu walikuwa wa mtu mmoja, Kangero. Mbazi alikuwa binamu yake, Senzia rafiki yake tangu shuleni, Namsifu mchumba wake, na mahari ilishapokelewa. Kangero alifanya kazi Dar es Salaam, akajinunulia pikipiki kubwa ya mbio, nyekundu. Kila sikukuu alikuja nayo nyumbani, na ikinguruma tu kule kwenye mkonge, mama yake anatoka hadi barabarani mikono ina unga. Kangero anazima, anashuka, anasema, "Shikamoo mama. Makande yapo?"

Kangero akaugua huko huko Dar, akafa. Alirudishwa kuzikwa, na pikipiki ikaletwa nyuma yake juu ya lori.

Mama Kangero hakulia. Nisikieni vizuri: hakudondosha chozi. Watu walilia mpaka wakachoka, yeye amekaa anaangalia barabara. Wala hakula. Ukimpa uji anaushika tu mpaka unapoa. Akakonda, majirani wakaanza kunong'ona kwamba tutazika wawili.

Siku moja Mbazi akaiwasha pikipiki pale uani, betri isife. Mama akainua kichwa. "Nipe uji," akasema. Akaunywa wote.

Basi akawaita watatu wale. "Wanangu, nataka niisikie ikitoka asubuhi na kurudi jioni, kama ya mtu aliyekwenda kazini. Atakayeifanya iweze hivyo kila siku, kwa jua letu hili, ni yake."

Lo! Kusema ni rahisi. Vijana wa bodaboda walikuja kuitazama wakatikisa vichwa. Mmoja akasema, "Hii ni ya kukimbia kwenye lami ndefu, upepo uipoze. Ukiizoesha safari za hapa na pale, kwa joto hili, itakupika kama muhogo." Wala hakukosea. Senzia alijaribu kwenda nayo kazini kwake, kwenye pampu ya maji ya shamba la mkonge. Ilichemka kabla hajafika sokoni, paja lake likababuka. Na ukiizima ikiwa imechemka, inagoma kuwaka hadi ipoe. Alirudi anaisukuma, na siku hiyo mama hakula.

Mbazi akaifungua. Alisafisha rejeta, akabadilisha maji yake, akaunga feni upya ili iwake mapema. Mwisho akayavua yale makava mekundu, joto la injini lipate pa kutokea. Makava hayo Kangero alikuwa akiyang'arisha kwa mkono wake, na Mbazi aliyavua huku machozi yanamzuia kuona nati. Pikipiki ikapumua. Lakini ikienda taratibu, bado ilichemka.

Senzia akatafuta njia. Aliacha barabara ya sokoni yenye matuta, akashika ile ya nyuma inayopita kwa mama, pana, haina matuta wala magari, nyumba chache na mkonge huku na huku. Alitoka jua likiwa changa, akarudi limeshalegea, kwa mwendo wa kutosha upepo uingie, moja kwa moja hadi nyumbani kwake mwenyewe juu ya kilima, ambako sasa ilikuwa inalala. Paja lilipona likababuka tena. Akavaa suruali mbili za jinzi katika joto lile, akaendelea. Pikipiki ikaenda. Lakini ikisimama tu, inachemka.

Na Hedaru hii utapitaje usisimame? Mtu akiiona pikipiki ya marehemu anainua mkono: "Senzia, hebu simama! Poleni, baba. Mama anaendeleaje? Na nyumbani? Na shangazi yako?" Salamu zetu mnazijua wenyewe, zikianza haziishi. Anaitikia huku mvuke unapanda.

Namsifu akatoka kwa miguu. Alipita nyumba kwa nyumba, njia nzima, akiomba: "Jamani, Senzia akipita msimsimamishe. Mpungieni mkono, naye atawapungia. Itatosha." Kila mlango ulianza kwa kumpa pole, ukamwambia Kangero alikuwa kijana mzuri, na yeye anaitikia asante, asante, kidonda kinafunguliwa upya. Hakuruka hata nyumba moja. Watu wakakubali.

Pikipiki ikaweza! Asubuhi inatoka, jioni inarudi, mama anakula. Akaanza kufagia uwanja. Akaanza hata kugombeza kuku, na majirani wakamshukuru Mungu kwa ugomvi ule.

Ndipo siku moja akawasha moto mwenyewe, kwa mara ya kwanza tangu maziko. Akapika makande. Jioni, aliposikia mngurumo kule kwenye mkonge, akapakua kwenye bakuli, akatoka hadi barabarani, akainua mkono.

Senzia aliuona mkono, mkono kama mikono yote ya njiani. Akainua wake, akapita.

Namsifu alikuwa uani kwa mama anamwanulia nguo. Alimkuta mama amesimama na bakuli, vumbi linatua juu ya makande.

"Mama, tuingie ndani."

"Kangero hakuwahi kunipita," mama akasema.

"Lakini mama, yule ni..."

"Ni Senzia. Najua ni Senzia. Sasa najua."

Akaketi pale pale chini, akalia. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, mimi sitausimulia. Alimwita Kangero kwa jina la utotoni, akamwita, akamwita, mpaka watu wakatoka mbio majumbani wakidhani kuna msiba mwingine.

Aliponyamaza akawaita wale watatu. Sauti ilikuwa imemkauka.

"Ahadi ni deni. Nilisema atakayeifanya iweze, ni yake. Imeweza. Basi aichukue, aende nayo mbali, nisiisikie tena. Semeni wenyewe ni nani."

Kila mmoja alikuwa akiitamani kimoyomoyo. Sasa kila mmoja akamsukumia mwenzake.

"Mimi nilikaza nati tu," Mbazi akasema. "Aliyeipitisha hapa ni Senzia."

Senzia hakuweza kumtazama mama. "Ningekwama njiani kila siku kama si Namsifu kuniombea kwa watu."

Wakamgeukia Namsifu.

"Mimi naitaka," akasema. "Sikuolewa naye, sikuzaa naye, hata mjane siitwi. Sina kingine chake. Lakini nikisema ni mimi niliyeiwezesha, basi ni mimi niliyezunguka nyumba zote kuomba isisimame. Nitamwambiaje mama hivyo, usoni?"

Mama Kangero akawa anangoja jibu.

Haya, nyie mnaojua kuamua. Msiniambie iuzwe wagawane, hakuna aliyeuliza bei. Wala msiniambie hakuna mwenye kosa. Hilo nalijua, na mama analijua, na moyo wake umevunjika vile vile. Anayestahili kupewa pikipiki ndiye huyo huyo aliyeifanya impite mama barabarani na bakuli lake mkononi. Je, wewe ungempa nani? Na huyo utakayempa, utamwambia aende kwa mama kushukuru, au kuomba radhi?