Siku Pimbi Walipoziba Jabali

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo? Mmekula, au hamjala? Vuteni pumzi mpaka vifua vijae, halafu mniitikie. Paukwa!

Pakaaawa!

Haya, sasa mko hai. Hapo zamani za kale, zamani hata bibi yenu hakuwa amepata bibi, palikuwa na jabali, na ndani ya jabali walikaa pimbi. Mnamjua pimbi? Mnyama mfupi, mnene, mkia hana, maskani yake mawe. Walikuwa themanini na zaidi. Mababu, mama, mashemeji, mawifi, watoto wa kunyonya, wote pango moja.

Na pimbi wana mila yao. Pimbi hakojoi ovyo. Choo chao ni kimoja tu, mwamba ulioinama nje ya pango, na wote huenda pale pale, babu na mjukuu, mpaka mwamba umekuwa mweupe pe. Atakayekojoa ndani hufukuzwa, yeye na aliyemzaa. Ndiyo sheria, na mkubwa wao, Mwinyi Jabali, hakutaka hata kuijadili.

Katika pimbi hao alikuwepo mama mmoja, Sikitu. Sikitu hatulii. Akikaa anainuka, akiinuka anakaa. Wenzake walimcheka, wakasema huyu kazaliwa juu ya siafu. Lakini Sikitu alizaa watoto watatu, na wawili walichukuliwa na tai mchana kweupe. Amebaki Chubwi peke yake. Nyinyi mnaocheka huko nyuma, mngekuwa yeye mngetulia?

Basi asubuhi moja akaja Chui. Nyata, nyata, nyata. Akafika kwenye njia, katikati ya pango na mwamba mweupe. Akajilaza pu! Akaweka kidevu juu ya miguu.

"Nasikia harufu ya pimbi," akasema. "Leo sina safari. Nitangoja."

Ndani ikawa patashika. Huyu anamkanyaga yule, yule anamwita mwanawe. Mwinyi Jabali akapiga mguu chini, ti!

"Kimya! Anatunusa. Zibeni matundu yote, harufu isitoke. Na mtu asitoke."

Wakaziba. Udongo na majani, paka, paka, paka. Tundu la juu likazibwa. Ufa wa ubavuni ukazibwa. Mlango ukazibwa. Pango likawa giza tii.

"Na haja je, baba?" Sikitu akauliza.

"Jikazeni."

"Na watoto?"

"Wajikaze. Na mtu asiguse maji, asije akataka kutoka. Mila ni mila, Sikitu. Kaa chini."

Sikitu akakaa. Akainuka. Akaenda mlangoni, akarudi.

Jua likapanda.

"Mama, mkojo," akasema Chubwi.

"Vumilia, mwanangu."

Jua likapanda tena.

"Mama, mkojo! Panauma hapa, chini ya kitovu."

"Vumilia, baba, vumilia kidogo."

Wewe unayebana miguu hapo, nimekuona. Nenda ukajisaidie, tutakungoja. Usijitie ushujaa, maana ushujaa wa namna hiyo ndio ninaousimulia.

Jua likafika utosini, likaanza kushuka. Joto likazidi, na pimbi themanini wanapumua hewa ile ile. Wanaivuta, wanaitoa, wanaivuta tena ile waliyoitoa. Mmoja akapiga miayo, mwaah. Wa pili akapiga miayo, mwaah. Vichwa vikawauma, gwa, gwa, gwa. Wakaanza kulala mmoja mmoja.

Mwinyi Jabali akafurahi. "Mnaona? Nilisema. Wote wametulia."

Lakini Sikitu hakutulia. Akaenda, akarudi. Chubwi alikuwa ameacha kuomba mkojo. Amelala ubavu, kifua kinakwenda mbio, heh, heh, heh. Akamwita, haitikii. Akamtikisa, akafumbua jicho moja akalifumba. Sikitu akaingiwa na hofu kubwa, hofu ya mara ya tatu.

"Baba! Mtoto haamki!"

"Amelala. Nawe lala."

Mara chini ya sakafu, kwaru, kwaru, kwaru. Ardhi ikatumbuka, ikatokea pua yenye vumbi. Alikuwa Bi Fuko, jirani wa chini, mchimbaji, mwanamke asiyejua kusema polepole.

"Shoga Sikitu! Mbona nyumba yenu haipumui? Kila siku nikichimba napata upepo wenu puani, leo hakuna kitu. Mmekufa?"

"Bado," Sikitu akasema. "Lakini mwanangu anakwenda."

Bi Fuko akanusa. Akapiga chafya, chyaa! "Mmeziba? Nani kawaambia mzibe?"

"Mimi," akasema Mwinyi Jabali. "Chui yuko nje."

"Na humu ndani kuna nini, Mwinyi? Nisikilize, mimi maisha yangu ni mashimo, na mwili nao ni mashimo matupu. Hewa inaingia puani, inapita kooni, inashuka mpaka kwenye mapafu mawili. Humo mna vifuko vidogo kuliko chawa, havihesabiki. Damu inapita ukutani mwake kama hamali, inachukua hewa safi, inapeleka mwili mzima. Ikirudi hairudi mikono mitupu. Imebeba taka."

"Taka gani?" akauliza Sikitu. Hata kuuliza aliuliza huku anatembea.

"Taka za namna mbili. Ile ya hewa inatuliwa mapafuni, unaipuliza nje, fuu! Ile ya maji inatuliwa kwenye figo. Zipo mbili, mgongoni, huku na huku. Zinachuja damu usiku na mchana. Maji machafu yanateremka kwenye mirija miwili, tone, tone, mpaka kwenye kibofu. Kikijaa kinasema. Chubwi alisema?"

"Alisema sana."

"Basi alikuwa na akili kuliko wakubwa. Ukikizuia kutwa kinauma, na ukifanya hivyo kila siku maradhi yanakaa. Usipokunywa maji, mkojo unakuwa mzito kama maji ya ukwaju, unaunguza. Lakini mkojo hautamuua leo. Hewa ndiyo itamuua leo. Fungua!"

"Usifungue!" akasema Mwinyi Jabali. Na yeye alikuwa anahema. "Sikitu, ukifungua umelivunja neno langu. Utatoka wewe na mwanao, mkalale na Chui."

Sikitu akamtazama Chubwi. Heh, heh. Kisha kimya. Kisha heh.

"Tutatoka," akasema. "Lakini tutatoka tunapumua."

"Tundu moja halitoshi," Bi Fuko akasema. "Kifua kinapanuka hewa ikaingia, kinasinyaa ikatoka, njia ni ile ile. Jabali halipanuki. Lipate tundu chini na tundu juu."

Basi Bi Fuko akapanda kulizibua tundu la juu, kwaru, kwaru, kwaru! Sikitu akauvamia ufa wa ubavuni kwa kucha na meno. Udongo ukamwingia kinywani, akautema. Kucha ikang'oka, hakuitazama. Akachimba, akachimba, mpaka mwanga ukaingia mwembamba.

Fuuuu!

Hewa ikaingia chini, ikatoka juu. Pimbi mmoja akakohoa. Wa pili akakohoa. Wakaamka wote, kohu, kohu, kohu. Sikitu akambeba Chubwi mpaka kwenye ufa, akamwelekeza pua nje. Kifua kikapanda. Kikashuka. Kikapanda tena, kikubwa.

Chubwi akafumbua macho yote mawili. Akalia kwa nguvu: "Mama, mkojoooo!"

Sikitu alicheka mpaka machozi yakamtoka. Tangu azae hakuwahi kusikia neno tamu kama lile.

Sasa sikilizeni. Harufu ya pimbi themanini ikatokea wapi? Juu, kileleni. Chui akainua pua. "Kumbe wako kule!" Akaiacha njia, akapanda jabali, nyata, nyata, mpaka kwenye tundu. Akaingiza kichwa, kikakataa. Akaingiza mkono, haukufika.

Na huku chini njia ikawa nyeupe.

"Twende!" akasema Sikitu. Akasukuma udongo wa mlangoni, akatoka mbele, Chubwi mgongoni. Wote nyuma yake, mbio, mpaka kwenye mwamba. Wakachutama. Churuuuu! Haja ya kutwa nzima, pimbi themanini! Ukashuka mto, mwamba ukawa ni utelezi mtupu.

Chui akasikia mlio. Akatazama chini. "Aa! Mmenichezea!" Akaruka kutoka kileleni. Pimbi wakatawanyika, paa! Chui akatua kwenye mwamba ule ulioinama, akateleza teleee, akapita hapo tumbo juu, mpaka bondeni kwenye miiba. Gubu! Akainuka anachechemea, ananuka vibaya mno. Akaenda zake, hata nyuma hakutazama.

Pimbi wakacheka. Lakini Mwinyi Jabali hakucheka. Alikuwa amebaki mlangoni, kajikaza tangu alfajiri, heshima yake haikumruhusu kukimbia pamoja na watoto. Sasa akatoka taratibu, mikono nyuma. Akapanda mwambani. Akachutama.

Kimya.

Akangoja. Wote wakangoja. Hakuna hata tone. Jasho likamtoka, akauma meno, akashika tumbo. "Haitoki," akasema kwa sauti ndogo. "Imejaa na haitoki."

"Umeubana mlango wa kibofu kutwa," akasema Bi Fuko. "Umesahau kufunguka."

Mzee akaanza kulia, mbele ya wajukuu zake. Ndipo Chubwi akashuka mgongoni kwa mamake, akaenda akachutama kando yake. Akafanya kama mama anavyomfanyia mtoto mchanga.

"Shiii, babu," akasema. "Usijikaze. Shiii."

Sikitu akafuata, "Shiii." Kisha wote themanini, taratibu, pamoja: "Shiiiii."

Tone. Tone. Mweusi kama ukwaju. Kisha, churuu.

Mwinyi Jabali akashusha pumzi ndefu. Akamtazama Sikitu, akasema, "Mwanangu, kaa ndani. Nipeni maji ninywe." Na tangu siku ile, adui akija, mtoto akibanwa hukojoa pembeni mwa pango, pakafukiwa udongo, na mtu hafukuzwi.

Funzo ni hili, tena nalisema waziwazi ili wakubwa nao wasikie: hewa na maji vikiingia mwilini lazima vipate njia ya kutoka. Mtoto akisema amebanwa, mpishe. Na mwenye kutoa amri aujue kwanza mwili wa anayemwamrisha.

Hadithi yangu imeishia hapo, na pumzi yangu nayo. Fungueni dirisha.