Kioo cha Lori Kwenye Ukuta wa Mkwe

Hapo zamani, na si ile zamani ya fisi kuvaa kanzu, ni zamani ya juzijuzi tu, malori yalikuwa yameshaanza kufia milimani, palikuwa na mwanamke aitwaye Tulinagwe aliyeolewa katika kijiji cha baridi. Nikisema baridi usinifikirie hii yako ya kuvaa sweta na kutafuta uji. Nasema baridi ya maji kuganda ndooni na majani ya viazi kuungua shambani kama yamepigwa moto. Jogoo wa kule aliwika mara moja tu, kisha akafunga mdomo asije akaumwa meno. Unasema jogoo hana meno? Hata mimi najua. Ndiyo ujue ilikuwa baridi.

Mume wa Tulinagwe, Ambakisye, alikuwa amejenga nyumba ya matofali ya kuchoma, bati juu, mlango unaotazama barabara ili wapita njia waone. Nyumba ilikuwa safi, ila upande ule jua linakopita kutwa nzima, hakuacha hata tundu la panya. Ukuta mtupu, kipofu.

Kwa nini? Kwa sababu upande ule ulikuwa uwanja wa baba yake, Mzee Mwakyambo. Na mila ya kijiji ilikuwa hivi: mke wa mwana na baba mkwe hawatazamani. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kichakani. Kichaka kikikosekana, mwanamke anajifunika kanga usoni na mzee anayaangalia mawingu kana kwamba amewahi kuyapoteza. Mke wa mwana haukanyagi uwanja wa mkwe, maisha. Na kusemeshana hawasemeshani. Likiwapo neno la lazima, wanamwambia jogoo, mwingine anasikia. Basi mzee alipoona msingi unachimbwa, aliamuru, "Upande wangu asiweke mtu dirisha." Na halikuwekwa.

Ikawa kila asubuhi jua linaupiga ule ukuta mpaka matofali yanapata moto kwa nje. Faida ikaenda kwa nani? Kwa mzee. Alileta kigoda chake, akaegemeza mgongo, akaota jua huku anakoroma. Tulinagwe, ndani, upande wa pili wa tofali lilelile, anamsikia anavyokoroma huku meno yake mwenyewe yanagongana. Mkwe na mkaza mwana, mmoja yuko sikukuuni, mwingine yuko kwenye friji.

Katikati ya msimu huo wa baridi Tulinagwe akajifungua kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo kama mwiko wa ugali. Wakiwasha moto ndani, moshi unamkaba, anakohoa mpaka macho yanageuka. Wakiuzima, vidole vinaingia ubluu. Mama yake alimfunga kifuani mchana na usiku, lakini hata kifua cha mama, kikikaa ndani ya nyumba ile, kinapoa. Mkunga akatikisa kichwa.

"Mwanangu," akasema, "huyu anataka joto lisilo na moshi. Sasa utalitoa wapi, mimi sijui."

Tena sikiliza vizuri hapa, usije ukaniuliza baadaye. Mtoto njiti katika kijiji kile hapewi jina mpaka amalize mwaka. Akimaliza, anapewa jina na mtu yule aliyempigania akaishi. Na mwenye kutoa jina ndiye anayemchukua: mtoto akishaacha ziwa, anahamia kwake, analelewa kwake mpaka aote ndevu. Ndiyo hivyo. Kwa hiyo mwaka mzima mtoto aliitwa Huyu. Huyu amenyonya? Huyu amelala? Huyu amejikojolea!

Wa kwanza kutokea alikuwa Gwakisa, mdogo wake Ambakisye, utingo wa malori, kijana mwenye maneno mengi kuliko mizigo aliyowahi kupakia. Alimkuta shemeji yake anatetemeka, akamtazama Huyu, akaacha utani. Ile unamwona ameacha utani, jua mambo ni mabaya. Akatoka. Aliporudi alikuwa na wenzake wamebeba kioo cha mbele cha lori lililokuwa limekufa kwenye kona ya kijiji, kioo kizima, na waipa yake bado imeng'ang'ania.

"Shemeji, sogea huko na mtoto," akasema, akainua sururu.

"Gwakisa! Huo ni upande wa baba!"

"Jua nalo liko upande wa baba. Unataka nilihamishe?"

Akavunja ukuta. Akapachika kioo, akakikandika kwa udongo. Jua likaingia kama mtu aliyenyimwa mlango mwaka mzima: likafika sakafuni, likapanda kitandani, likamkalia Huyu tumboni. Huyu akapiga chafya. Tulinagwe akalia na kucheka pamoja.

Ndipo mzee akaja na kigoda chake kuota jua. Akakuta ukuta wake una jicho. Akainama kuchungulia, macho kwa macho na mke wa mwanawe! Mzee alitupa kigoda, akajifunika kofia usoni, akakimbia hadi kwenye banda la kuku. Tulinagwe naye aliingia chini ya kitanda na mtoto wake. Alijua huko nje kuna mtu anayeweza kusema neno moja, "Zibeni," na dirisha likazibwa.

Mzee akamwita jogoo.

"We jogoo! Nasikia huko ndani kuna mtu mdogo."

Tulinagwe akajibu kutoka chini ya kitanda, "Jogoo, mwambie baba mtu mdogo yupo, na leo ndiyo mara ya kwanza ana joto."

Mzee akatoka bandani, kofia bado usoni. Kisha, "Jogoo, waambie mimi hili jua limenichosha. Linanipa usingizi." Akaokota kigoda chake, akaenda kukaa nyuma ya ghala, kwenye kivuli na upepo, ili jicho lake lisikutane na kioo. Msimu mzima wa baridi alikaa huko. Kikohozi alichokipata huko hakijamwacha hata leo.

Umeona? Tumalizie hapo? Haraka ya nini! Gwakisa alirudi kwenye malori yake anajisifu njia nzima kwamba ameokoa mtu kwa kioo. Jioni jua likazama, na baridi ikaingia kwa kioo kilekile, tena kwa fujo, maana kioo si tofali. Mpaka alfajiri Huyu alikuwa amerudia ubluu wake. Jua lilikuja kama mgeni, likasalimia, likaondoka na blanketi.

Wa pili alikuwa mama mkwe, Bibi Subilaga. Bibi huyo hakukaa na mzee. Alihamia bondeni siku nyingi kwa sababu ya kule kukoroma, na kutoka bondeni hadi kwa Tulinagwe ni kupanda mlima mpaka magoti yanasema. Alifika, akaweka mkono kwenye lile doa la jua sakafuni, akaweka mkono kwenye mkeka, akasonya.

"Mmemkaribisha mgeni hamkumpa pa kukaa. Jua litakaa kwenye mkeka? Mwanangu, kwetu mtoni mawe meusi ukiyakalia jioni bado yana moto wa mchana."

Basi akawa anashuka, anapanda. Anashuka mtupu, anapanda na jiwe jeusi kichwani. Anashuka, anapanda. Watu wakamcheka, "Bibi, unahamisha mto?" Akawajibu matusi ambayo hapa siyaandiki, kuna watoto. Akajenga benchi nene la mawe ndani, palepale jua linapodondokea. Mchana mawe yakanywa jua. Jioni yakaanza kulitoa polepole, na Huyu akalazwa pembeni yake kama andazi.

Lakini joto la mawe nalo likaanza kutorokea kioo. Tulinagwe alijua, maana alikuwa akiamka na kukuta umande umeganda kwenye kioo kwa ndani, anaupangusa kwa ngumi. Akajaribu kanga, kanga nyepesi. Akajaribu gunia, gunia matundu. Asubuhi moja akamwambia jogoo, kwa kukata tamaa tu, "Jogoo wee, nyumba yetu usiku inalala macho wazi."

Hakujua kama kuna mtu kasikia. Jioni yake alikuta nje ya mlango blanketi limekunjwa, zito, la sufu. Kijijini kote blanketi kama lile lilikuwa moja. Tulinagwe akalitundika kufunika kioo kizima kila jua likizama, akaliondoa kila jua likichomoza. Baridi ikagonga, ikakosa pa kupitia. Huyu akalala. Huyu akanenepa. Nyuma ya ghala, kikohozi kikazidi.

Sasa Ambakisye, mwenye nyumba, wakati wote huu alikuwa wapi? Alikuwepo! Alikuwa ananuna. Kila aliyepita njia ya juu alikuwa anaiona nyumba yake yenye uso wa lori na kupiga honi kwa mdomo: "Piiii! Ambakisye, ongeza gia, mlima huo!" Watoto walikuja kuuliza safari saa ngapi. Tulinagwe alimwambia, "Wasikupe shida, mume wangu, mtoto anaishi." Akanuna tu.

Msimu ukageuka. Jua likaacha kuinama, likapanda juu, likawa kali. Na lile joto tulilolililia, sasa likaja bila kubisha hodi. Kioo kinavuta, mawe yananywa, chumba kikawa tanuri. Huyu akatoka vipele mwili mzima, akawa halali, hanyonyi, analegea. Tulinagwe akamkimbiza huku na huku kutafuta kivuli. Ndani moto, nje jua. Akaanza kuogopa upya, tena kwa sababu ileile iliyomfurahisha.

Ndipo Ambakisye akachoka na honi. Akakata nguzo, akasogeza paa mbele upande ule, akaezeka nyasi, ubaraza mpana wa kuficha kile kioo kisionekane na watu wa juu. Alifanya kwa hasira, misumari anaipigia kelele. Alipomaliza, Tulinagwe akaona kitu cha ajabu: jua limekaa juu ya paa, haliwezi kuingia. Kioo kimo kivulini. Chumba kikapoa, vipele vikakauka. Na baridi iliporudi, jua likainama tena, likapita chini ya ubaraza uleule, likaenda kukaa kwenye mawe yake kama kawaida. Ambakisye alipoona hivyo akavuta kola ya shati na kusema, "Nilipiga hesabu."

Hesabu gani! Lakini tuendelee.

Mwaka ukatimia. Siku ya jina ikafika. Wote wakaja mlangoni kwa Tulinagwe, maana mama ndiye anayemkabidhi mtoto. Mzee naye alikuja, akaweka kigoda nje ya kizingiti na kuwapa mgongo, uso wake barabarani.

Gwakisa akaanza, maana yeye huanza. "Nani alilifungulia jua mlango? Mimi! Nisingevunja, mngekuwa mnaota mkoromo wa mzee. Mtoto ni wangu, namwita Breki, kwa sababu kifo kilikuwa kinateremka nikakisimamisha."

"Breki mama yako!" akasema Bibi Subilaga, akasahau kwamba mama ni yeye. "Usiku wa kwanza dirisha lako lilitaka kumuua. Nani alilipa jua kiti? Mimi. Magoti yangu yaulizeni. Namwita Kasyupa, jina la kaka yangu."

"Na kiti chako kilimwoka mtoto kama muhogo," Ambakisye akaingilia. "Nani alilizuia jua lilipokuja na fujo? Mimi, baba yake. Nampa jina la kwangu, na anabaki kwangu."

"Kaka, wewe ulikuwa unaficha aibu!"

"Aibu imemponya au haikumponya?"

Wakabishana mpaka jogoo akaondoka. Ndipo mzee akakohoa, wakamgeukia.

"Jogoo," akasema, ingawa jogoo hakuwepo, "waambie ukuta ule niliufunga mimi. Hilo ni kosa langu, sikatai. Lakini niliyekuwa na jua ni mimi pia. Nilipoliachia, niliachia kubwa nililokuwa nalo. Usiku nilipoachia blanketi, niliachia la mwisho. Hawa walitoa vya kuokota. Jina nitakalompa ni Tufumbe, kwa sababu kwake nilifumba macho."

Tulinagwe, kanga usoni, alimkumbatia Huyu, akawapima mmoja mmoja. Akimpa Gwakisa, mtoto atakulia juu ya matairi, leo mpakani, kesho kwenye korongo. Akimpa bibi, mtoto atakaa bondeni, na kila akimtamani ni kushuka na kupanda mlima ule. Akimpa mumewe, mtoto atalala palepale alipolala jana, na moyo wake wote unasema mpe huyo, ingawa huyo alikuwa anaficha kioo tu. Na akimpa mzee, aliyejitia kikohozi kwa ajili ya mtoto, Huyu atahamia kwenye uwanja ambao mama yake haruhusiwi kuukanyaga maisha. Mama atakuwa anamwona kupitia kioo cha lori, akicheza hatua chache tu kutoka pale, na hawezi kumfuata.

Wakanyoosha mikono kumpokea. Ya Gwakisa ina grisi. Ya bibi imepasuka kwa mawe. Ya Ambakisye haitulii, na macho yake yanamwomba mkewe. Na ya mzee, kwa kuwa hawezi kugeuka, ameinyoosha kinyumenyume, viganja wazi, vinapapasa hewa nyuma ya mgongo wake.

Tulinagwe amesimama kizingitini. Huyu anawatazama wote wanne na kucheka, maana yeye hakubeba hata jiwe.

Haya, wewe uliyekuwa unatikisa kichwa tangu mwanzo kama hakimu, usiniambie wamgawane, si mkate. Simama pale kizingitini, mbebe mtoto, halafu niambie: ungemweka kwenye mikono ya nani?